Kioo Juu ya Ufa

Mtu ninayetaka kumwelezea hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi, mpaka mimi nilipomketisha. Alikuwa akikipokea, anapiga mafunda mawili, anakiweka popote palipo karibu, juu ya benchi, juu ya ngazi, mara moja juu ya kichwa cha sanamu ya mtakatifu mmoja ambaye hakulalamika, kisha huyo anaondoka kwenda kugonga ukuta. Sisi tuliofanya usafi katika katedrali ya Gitega tulivikusanya vikombe vyake jioni kama watu wanaookota maparachichi. Vyote vilikuwa nusu.

Tulimwita Fundi tu. Kanisa lina mafundi wengi, wa umeme, wa kinanda, wa vipaza sauti, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema yule mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na suruali yenye vumbi jekundu magotini. Alikuwa Mwislamu, wa zile familia za mjini zinazoishi kwa biashara na kazi za mikono, na alilihudumia kanisa la Wakatoliki tangu kabla sijarudi nchini. Maparoko walikuja na kuhamishwa. Yeye alibaki na funguo za dari na za mnara.

Mimi ni kiongozi wa kina mama wa usafi. Nilikulia Tanzania, kambini, nikarudi nikiwa mtu mzima kupitia mpaka wa Kobero, na godoro moja na watoto wawili. Ndiyo maana Fundi aliniita Mtanzania kila alipotaka kunichokoza, na alitaka kila siku. Alipokuwa na jambo zito aliniita Mama Bella, kwa jina la binti yangu, na hapo nilijua niweke ufagio chini nisikilize. Naandika haya kwa sababu nilimkosea mtu huyu. Kosa langu lilimwondolea kazi yake, nami nilikaa nalo miaka mitatu bila kulisema. Nitalifikia. Nikianza nalo mtaniona mimi kabla ya kumwona yeye, na mimi si wa kutazamwa.

Kwanza alikuwa mtu wa kutembea. Alfajiri, akitoka msikitini kwake, alikuja moja kwa moja kanisani kwetu. Alianzia mlango wa sakristia, akafuata ukuta wa kulia, mgongo wa vidole vyake ukiburuzika juu ya matofali, na kila hatua tano au sita alisimama akagonga kwa mpini wa mwiko. Akagonga, akaweka sikio, akaendelea. Tofali zima lilitoa sauti kavu. Tofali lililoshiba maji lilijibu kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Waumini wa misa ya kwanza walimzoea, lakini mgeni alidhani kuna mtu amefungiwa ndani ya ukuta. Paroko mmoja alimwomba kwa upole angalau asigonge wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia. Fundi alikubali mara moja. Kuanzia siku ile, wakati wa mageuzo, alitoka nje akagonga upande wa pili.

Alivua viatu kabla ya kuingia. Sisi wenyewe tuliingia na viatu vyetu, vingine vya visigino, na mama mmoja akamwambia hapa si msikitini, Fundi, vaa tu. Akamjibu, "Nyinyi muko kwenu. Mi ni mugeni. Mugeni anavua viatu." Miaka yote ile, na bado alijiita mgeni, ilhali hakuna Mkatoliki hata mmoja aliyejua ngazi ya mnara ina vidato vingapi.

Kila ninachokijua kuhusu jengo lile nilikipata kwake, naye alikisoma kwenye matofali. Hakupenda kusimulia akiwa amesimama mahali pamoja, kwa hiyo ilikubidi umfuate na ndoo yako ukimwaga maji njiani. Alisema padri wa zamani aliyechora ramani alitoka nchi ya baridi, akachora nyumba ya baridi: kuta nene za kuzuia theluji, paa lenye mteremko mkali ili theluji iteleze. "Huyu mzungu aliogopa kitu ambayo haiko," alisema. "Na ile iko, mvua yetu hii, hakuifikiria. Bon. Watu wakamufundisha." Ndipo, kwa maelezo yake, kingo za paa zikarefushwa zipite ukuta, na chini ya paa yakaachwa matundu ya matofali yaliyopangwa kwa maua na misalaba, ili pumzi ya watu elfu iliyokusanyika Jumapili ipate pa kutokea. Matao makubwa ya katikati yanakaa juu ya nguzo bila chuma hata kimoja, tofali linasukuma tofali. Na sakafu ina mteremko mdogo sana kuelekea mlango mkuu, hauuoni kwa macho, lakini ukimwaga maji mbele ya altare yanakuja yenyewe hadi mlangoni. Kama mtu wa kupiga deki, nimemwombea sana padri yule.

Matofali yalifinyangwa bondeni, yakachomwa kwenye matanuru kwa kuni za mikaratusi. Fundi alinionyesha alama za vidole kwenye baadhi yake, vidole vya mtu aliyelinyanyua tofali kabla halijakauka. Alinionyesha pia jambo ambalo sikuwa nimeliona ingawa nilikuwa nafuta kuta zile kila juma: juu kidogo ya kimo cha mtu, rangi inabadilika. Chini ni nyekundu iliyoiva, juu ni ya kupauka.

"Hapa kazi ilisimama," alisema. "Waliporudia, watu walikuwa wamepungua. Na wenye kujua kuchoma walikuwa hawako."

Sikuuliza walikwenda wapi. Nilizaliwa huko walikokwenda. Mama yangu alikuwa mtu wa Makebuko, na kambini alikuwa akitusimulia jinsi kila Jumamosi walivyobeba matofali kichwani kutoka bondeni hadi kanisani, mtu mzima mawili, mtoto moja. Bila tofali hakuna kuingia katekisimu. Alipokuwa akisimulia alijigusa utosini, pale palipokuwa na kata ya majani ya migomba, kana kwamba bado panauma. Nilimweleza Fundi habari hiyo siku moja, kwa kupitisha muda tu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ukuta wa kulia, chini ya ule mstari.

"Basi za mama yako ziko hapa," akasema. "Chagua mbili."

Nikachagua mawili. Nayafuta kila Jumamosi mpaka leo, na sioni haya kusema.

Kulikuwa na methali moja ambayo usingeithubutu mbele yake. Mtu akisema usipoziba ufa utajenga ukuta, Fundi alipandwa na mori. "Nani alisema hiyo? Huyo hakuwa fundi! Ufa iko nasema. Mtu akiwa nasema, we unamufunga mudomo? Eka, hapana! Kwanza musikilize." Namna yake ya kuusikiliza ufa ilikuwa hii: alichukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, kirefu kama kidole, akakilaza juu ya ufa, akakibandika kwa saruji kidogo pande mbili. Kwenye ile saruji mbichi aliandika tarehe kwa msumari. Kisha akangoja. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Alikiita shahidi. Katedrali ilikuwa na mashahidi wake kumi na kitu, kwenye pembe, juu ya milango, ndani ya mnara, na kila alfajiri aliwapitia kama askari anayehesabu wafungwa wake. Sisi kina mama tulipewa amri moja tu: musiguse. Kwa nini tusiguse, hakutueleza vizuri. Aliamini kila mtu anajua anachokijua yeye. Hilo ndilo kosa lake, kama lazima tumtafutie.

Hapana, alikuwa nayo mengine. Saruji aliichukia kanisani, alisema tofali la kuchoma linapumua na saruji inaliziba pua, lakini nyumba yake mwenyewe, kule mtaani, ilikuwa saruji tupu kuanzia msingi hadi choo, na ilikuwa na nyufa zisizo na shahidi hata mmoja. Mganga hajigangi. Marehemu mkewe aliwahi kutuambia kwamba angependa kuwa katedrali, angalau angegongwa mlango kila asubuhi. Alikuwa pia mwongo wa mambo madogo. Alisema amekula kumbe hajala. Alisema ana miaka sitini, na aliendelea kuwa na sitini miaka yote niliyomfahamu. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya nchi na majengo ya vioo yakaanza kuota, alikuwa akisimama barabarani anawauliza mafundi vijana, "Hii nyumba ya vioo ikipasuka, mutabandika nini juu? Tofali?" Na hasira! Siku moja aliwafukuza maarusi chini ya tao walipokuwa wakipigwa picha, kwa sababu alikuwa ameanza kazi juu yake na hakupenda mtu asimame hapo. Bibi arusi alilia hadi wanja ukamtiririka. Kesho yake Fundi alimpelekea jogoo nyumbani kwao, akamkabidhi mlangoni, akaondoka kabla ya kukaribishwa.

Sasa lile jambo langu.

Mwaka ule tulikuwa na upadrisho. Wageni wangetoka kila upande, maandamano ya mapadri yangeingia kwa mlango wa sakristia, na sisi tulikuwa tumesugua kwa wiki nzima. Fundi hakuwapo, alikuwa amekwenda Muyinga kwa binti yake aliyejifungua. Zikiwa zimebaki siku tatu, nikamkuta bibi mmoja wa Bukirasazi, mkubwa wetu kwa umri, amesimama chini ya tao la mlango ule na ufagio mrefu wa utando wa buibui mkononi. Juu yake, kioo cha Fundi kilikuwa kimekatika vipande viwili.

"Ni mi?" aliniuliza. "Eh Yezu wanje, ni mi nimevunja?"

Nilidhani ni yeye. Nani asingedhani? Ufagio huu hapa, kioo kile pale. Nikafikiria hasira za Fundi, nikamfikiria bibi wa watu na miguu yake iliyovimba, nikafikiria mapadri wakipita chini ya kioo kilichovunjika. Nikamwambia anyamaze, tutakitengeneza. Nilikwenda sokoni nikakatiwa kipande cha kipimo kilekile. Nikapanda ngazi mwenyewe. Nikabandua cha zamani, nikabandika kipya, nikakoroga saruji kwenye kifuniko cha kopo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, nikachukua msumari nikanakili tarehe ya Fundi vilevile ilivyokuwa, kwa mwandiko wake, ili asijue kuna kilichoguswa. Halafu nikapaka vumbi juu ya saruji ionekane ya zamani. Niliposhuka niliitazama kazi yangu nikaipenda. Sherehe ilifana.

Fundi aliporudi alikuta kamati ya ujenzi inamngoja. Mfereji unaopokea maji ya paa nyuma ya sakristia ulikuwa umeziba, maji yakinywea chini ya ukuta wa mlango ule, na walitaka kujua kama wauchimbue haraka kabla ya mvua au wangoje baada ya Noeli. Akaenda na miwani yake, akaangalia shahidi aliyekuwa juu ya mlango. Nilikuwa karibu, napanga vitabu vya nyimbo. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Hii ukuta iko nalala," aliwaambia. "Mungoje tu. Ntakibazo, hakuna shida."

Wakangoja, kwa kuwa Fundi alikuwa hajawahi kukosea. Mvua ikaja. Jumanne moja, saa sita mchana, watoto wa katekisimu walipokuwa wamemaliza kupita mlango ule, sehemu ya tao ikaanguka. Matofali ya kujaza mkokoteni. Msichana wa mwisho mstarini alipata vumbi kwenye gauni. Hakuumia mtu. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu.

Fundi alikuja mbio, miguu mitupu. Alichuchumaa kwenye kifusi akageuza tofali moja moja. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa ametoka jasho la hofu, akamuuliza mbele ya watu wote, "Fundi, si ulisema ukuta umelala?" Na nyuma huko kuna mtu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mtu alinde nyumba asiyosalia. Fundi alisimama. Akavua miwani, akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati.

"Mi niliona kioo mzima," alisema. "Na macho yangu. Alors, macho imekwisha."

Alimpa paroko funguo. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, na ufagio mkononi kama yule bibi. Ningeweza kusema. Niliogopa kamati, na niliogopa lile neno ambalo watu wetu tuliorudi tunalisikia hata pasipo mtu kulisema, kwamba hawa wa Tanzania wamekuja kutuharibia. Ilinichukua miaka kuaminiwa ufunguo wa kabati la vitambaa vya altare. Niliona aibu, basi. Sina jina zuri zaidi la kuiita. Nikajiambia nitamwambia kesho, peke yake, kwa utulivu, na kesho alikuwa amekwisha kuhamia Muyinga kwa binti yake.

Niliungama, bila shaka. Padri alinipa sala za kusali, akaniambia pia niende nikamwambie mwenyewe. Sala nilizisali.

Tao likajengwa upya na vijana, kwa saruji ngumu, zuri kwa macho. Mvua ya tatu haikuisha kabla ufa haujatokea kando ya kiraka, ukipanda kuelekea mstari ule wa rangi mbili, upande wa matofali ya mama yangu. Vijana wakauziba. Ukafunguka. Wakauziba tena. Paroko akampigia Fundi simu akimsihi aje aangalie tu, kwa siku moja. Paroko mwenyewe ndiye aliyenihadithia jibu alilopata, akitikisa kichwa: "Padiri, mi sioni tena. Tafuteni kijana." Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini. Mtu yule alikuwa anaona kuliko sisi sote, na mimi peke yangu duniani nilijua.

Haikuwa safari rahisi. Esansi, yaani petroli, haikuwapo, nililala nyumbani siku mbili nikidamka kwenda stendi na kurudi, siku ya tatu nikapata nafasi katikati ya magunia. Njia nzima sikuweza kutulia. Nilipanga maneno, nikayapangua. Muyinga nilishuka kwenye barabara ileile inayokwenda Kobero, malori yamepangana yakingoja, nikakumbuka nilivyopita hapo na godoro langu, mtu ambaye bado hajamkosea mtu yeyote katika nchi hii. Kengele ya katedrali ya Muyinga ilikuwa inapiga ya mchana. Niliwauliza watoto nyumba ya mzee fundi wa Gitega, wakanionyesha.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, uso ukielekea ukuta wa nyumba. Amenenepa kidogo. Miguuni pake palikuwa na kikombe, nikachungulia kabla hata ya kumsalimu. Kilikuwa kitupu, mpaka machicha ya chai yanaonekana chini. Moyo uliniuma pale kuliko siku ya kifusi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mtanzania!" Alicheka kidogo. "Gitega muko namna gani? Esansi iko?"

"Haipo."

"Hapa pia haiko. Kaa basi."

"Nikikaa sitasema," nilimwambia, nikasema nikiwa nimesimama. Nilimweleza ufagio, na bibi wa Bukirasazi, na kioo cha sokoni, na msumari, na tarehe niliyoinakili, na vumbi. Nilimweleza kwamba nilikuwapo alipotoa funguo. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo, sikumbuki. Alisikiliza akitazama ukuta.

"Ilivunjika namna gani?" aliuliza mwishowe. "Kwa nyota, ama mustari moja?"

"Mstari mmoja. Katikati, juu ya ufa kabisa."

"Ufagio inavunja kwa nyota," alisema. "Mustari moja ni ukuta. Huyu bibi hakuvunja kitu."

"Najua sasa, Fundi."

"Na mi nilivyokuya, nilitazama kioo yako."

"Ndiyo."

"Ilikuwa mzima."

"Kilikuwa kizima. Uliona sawasawa. Macho yako hayakuwa na neno."

Alisimama kwa ghafla kiti kikaanguka nyuma. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. "Miaka tatu!" alipiga kelele, binti yake akatoka jikoni na unga wa chapati mikononi. "Miaka tatu nimekalia hii kiti! Kila asubuhi naamuka, najiambia mzee, kaa, Mungu amechukua macho yako, usiue watoto ya watu! Siku ile ungefungua mudomo, Mama Bella. Siku ile tu!"

Nililia. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Binti yake alitutazama mmoja mmoja asielewe. Fundi alikuwa anahema. Kisha uso wake ukageuka polepole kuelekea ule ukuta aliokuwa ameutazama miaka mitatu.

Ulikuwa na ufa. Ulianzia pembe ya dirisha ukateremka mshazari hadi chini.

"Hii," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mi naiona iko nafunguka tangu mvua ilianza. Kila siku naiona. Kila siku najiambia, ni macho." Alikwenda akaweka kidole. Kidole kikaingia hadi kwenye fundo. Akageuka kwa binti yake. "Watoto iko nalala wapi?"

"Si humo ndani, Baba. Wote watatu."

"Toa vitanda."

"Jioni, Baba, ngoja nimalize..."

"Sasa hivi! Toa!"

Tulitoa. Mimi, binti yake na unga wake, na yeye mwenyewe akiburuza godoro la mjukuu kama kijana wa miaka ishirini. Tulitoa vitanda viwili, mikoba ya shule, ndoo ya nguo, tukavipanga uani kwenye jua. Alipita ukuta mzima akiugonga kwa vifundo vya vidole, akiweka sikio, na sikuona ni saa ngapi alivua ndala. Aliomba kioo. Binti yake hakuwa nacho, akaleta fremu kuukuu ya picha. Fundi alikikata kile kioo kwa namna yake, akakoroga saruji kwenye kifuniko cha kopo, akalaza mashahidi wawili juu ya ufa, mmoja juu, mmoja chini. Hakuvaa miwani.

Kisha akatoa msumari mfukoni. Miaka mitatu kwenye kiti, na bado alikuwa na msumari mfukoni. Akaninyooshea.

"Andika tarehe."

Nilijifuta mikono kwenye kitenge. Nikasogea kwenye saruji mbichi, na mkono wangu ukasita, hauniamini.

"Ya leo, Mama Bella," alisema. "Ya leo."

Nikaandika. Akainama, akaisoma kwa karibu, namba moja moja, akaguna. Nilingoja aniambie neno. Aliniuliza basi la kurudi Gitega linaondoka saa ngapi, na kama mfereji wa nyuma ya sakristia waliwahi kuuchimbua. Nikamwambia hapana, hawakuwahi. Akasema yoo, kwa Kirundi, kama mtu aliyesikia msiba.

Binti yake alikuwa amekisimamisha kiti na kumletea chai nyingine. Aliipokea, akapiga mafunda mawili, akakiweka kikombe juu ya kiti, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kutazama maji yanatokea wapi. Tulimsikia akigonga upande wa pili. Nikakichungulia kikombe. Kilikuwa nusu.